Sikio Langu Liingizwe Kwenye Orodha ya Kompyuta za Injini

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Pokea salamu zangu, kisha keti, maana barua hii haisomwi kwa kusimama.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita. Nimewazidi maisha madaktari wawili walionionya niache sigara, na mmoja wao alikuwa hata havuti. Nimezizidi maisha gereji nilizofanyia kazi, mabosi walionitabiria sitafika popote, meno yangu yote ya juu, na aina za magari ambazo leo ukizitaja mbele ya vijana wanadhani unataja majina ya dawa za tumbo. Hayo yote ama nimeyazika, ama nimeyaona yakizikwa. Sikutegemea kuja kuzikwa na ukurasa wa gazeti.

Shule nilisoma hadi darasa la nne. La tano niliona wananirudisha nyuma. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, linyooshe mwenyewe, ndiyo kazi yako. Mtaani wananiita Fundi Sikio, kwa sababu injini naipima kwa kuisikiliza. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka juu ya injini, mpini naubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nafumba macho. Injini inanieleza yote kama mgonjwa kwa daktari, ila injini haina aibu wala haidanganyi.

Nyumbani tuna gari la mbio. Nililiunda mwenyewe kutoka kwenye gamba lililokuwa linalaliwa na kuku. Mke wangu huliita "mke mwenzangu", na siku nikilipaka nta huwa hatusemeshani hadi jioni. Anayeliendesha ni binti yetu, katika mashindano ya kupanda kilima, na anaendesha kwa namna ambayo nikiwa pembeni mwa barabara nafumba macho mpaka apite. Watu hudhani nasikiliza.

Mumewe, yaani mkwe wangu, ni mtu wa kompyuta. Ni mpole, ana adabu, akinisalimia huinama mpaka laptopu inataka kumponyoka. Na shida yangu iko hapo hapo. Mkwe hagombezwi. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemfokea, naye angenuna, na kabla ya chai tungekuwa tumemaliza. Lakini mkwe nikimfokea, ndoa ya binti yangu itatikisika, wazazi wake watakuja na nyuso ndefu, wajomba wataitwa, na mwisho wa kikao mimi ndiye nitakayeambiwa niombe radhi. Nimelipima jambo hili juu chini, nikaona ni heri nikugombeze wewe.

Kosa lako ni ile makala, "Jinsi ya Kuchagua Kompyuta ya Injini kwa Gari la Mbio". Kwa wasomaji wasiojua, kompyuta ya injini ni kisanduku kinachoamua injini inyunyiziwe mafuta kiasi gani na cheche iruke lini. Kazi hiyo, tangu gari liumbwe, inafanywa na kabureta, bisibisi na mimi. Binti yangu aliisoma makala kwa sauti, tukiwa mezani. Akafika pale ulipoandika, "Enzi za kukisia kwa sikio zimepita." Watu wote wakatazama sahani zao. Mkwe wangu akaomba apitishiwe chumvi, na chumvi alikuwa ameishika mwenyewe.

Sasa ukurasa wako umebandikwa gereji, juu ya ubao wangu wa spana. Kabureta zangu mbili zimefunguliwa, zimeviringishwa kitambaa kama watoto mapacha, zimelazwa juu ya rafu. Mahali pake wamefunga kisanduku ambacho mkwe wangu amekiazima kwa rafiki yake, cha kujaribia. Wiki ijayo wataamua wanunue kipi kati ya vile ulivyovisifu. Mimi nakuandikia nikiwa sebuleni, dirisha linaloangalia gereji nimeliacha wazi. Ni kwa ajili ya hewa.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usije ukayaruka.

1. Umeandika, "Chagua kompyuta ambayo fundi wa karibu yako anaifahamu vizuri." Hapa mimi na wewe ni kitu kimoja. Fundi wa karibu ni mimi. Kati ya chumba changu cha kulala na gereji kuna ua na kamba ya nguo, basi. Na kitu ninachokifahamu vizuri kuliko vyote ni mimi mwenyewe. Kwa ushauri wako, basi, binti yangu alitakiwa anichague mimi. Sijui ni nani aliyekukatiza usiimalizie sentensi.

2. Umevisifu sana vihisi. Unasema kompyuta bora ina kihisi cha joto la maji, cha joto la hewa, cha kunusa moshi, na cha kupima mgandamizo wa hewa ya siku hiyo. Mimi nina kiganja. Nikikiweka juu ya rejeta nakutajia joto lake, na makovu ninayo kama ushahidi. Nina pua, nayo ikinusa moshi inajua kwamba mafuta yamezidi kabla jirani hajaanza kufunga madirisha kwa hasira. Ama mgandamizo wa hewa, huo kazi yake anaifanya goti langu la kushoto. Goti hili limetabiri mvua siku ambazo redio ilisema jua, na waliosikiliza redio walirudi wamelowa. Nionyeshe kompyuta yenye goti, nami nitanyamaza.

3. Umeandika kwamba kompyuta ikiona hatari huipunguzia injini nguvu, ili gari lichechemee mpaka nyumbani bila kuharibika. Hapa nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Tangu nilipoangukiwa na gia boksi mimi nachechemea mpaka nyumbani kila siku, na sijaharibika.

4. Namba nne nimeifuta. Mke wangu ameisoma akasema hayo ni maneno ya gereji.

5. Umeshauri kwamba mwenye gari aulize mapema kama fundi atayafunga mapimo ya kwenye kompyuta kwa neno la siri. Nimeuliza. Yamefungwa. Injini niliyoikusanya kwa mikono hii, pete moja baada ya nyingine, leo ina siri nami! Nilimwita binti yangu nikamwuliza kwa upole, mama, hilo neno ni lipi? Akaniambia, "Baba, ukilijua utaingia." Jamani, mtu huulizia mlango ili afanye nini?

Siku walipokwenda sokoni niliifungua laptopu nikajaribu kuotea. Niliandika jina la binti yangu. Likakataa. Nikaandika jina la mama yake. Likakataa. Nikaandika langu, nikijua kwamba mkwe ana heshima. Likakataa pia, na mashine ikaniandikia nisubiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Mimi, nisubiri! Nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, naambiwa nisubiri na kitu kilichokuja juzi kwenye begi!

(Hapa nimeweka kalamu chini kidogo. Wameiwasha injini. Ikiwa baridi inazunguka vizuri, siwezi kukataa, lakini hata bibi harusi siku ya kwanza huamka mapema. Sasa wameizima. Wananong'ona.)

6. Kuhusu uzito. Umesema uzito ni adui wa gari la mbio, na kwamba kisanduku chako ni chepesi kama kopo la rangi ya viatu. Uzito wangu sitautaja kwenye gazeti. Nitasema tu kwamba nikishuka, gari hushusha pumzi. Lakini na wewe uwe mkweli, ule mzigo wa nyaya uliokuja na kisanduku mbona hukuupima? Zimetapakaa chini ya dashibodi kama nywele za mtu aliyefiwa.

7. Nimezisoma kanuni za mbio, au nimesomewa, yote ni kujua. Zinasema kompyuta ya injini ifungwe imara kwenye bodi kwa boliti, ikae mahali pakavu, ipigwe lakiri na wakaguzi ili mtu asiiguse katikati ya mashindano. Nikaenda kujipima. Kuhusu boliti, kiti cha abiria kinazo nne, nilizikaza mwenyewe, na nikifunga mkanda mimi na bodi ni mwili mmoja. Kuhusu kukaa pakavu, nina koti. Kuhusu lakiri, wakaguzi waipige popote wanapotaka isipokuwa mdomoni, kwa sababu mdomo nitauhitaji nikiwa safarini ili niseme "ongeza" na "punguza". Mke wangu anasema ya mdomoni ndiyo angeinunua yeye mwenyewe.

Umesema pia kwamba mwenye busara huwa na kompyuta ya akiba. Ya kwangu ni mdogo wangu. Anasikia vizuri kabisa, ila haelewi anachosikia. Kwa akiba anatosha.

8. Kutokana na hayo, naomba rasmi kwamba katika lile jedwali lako la kulinganisha kompyuta uongeze safu moja. Nimekuandikia ili usipate taabu.

Jina: Fundi Sikio.
Vihisi: vyote, pamoja na goti.
Neno la siri: hana, husema kila kitu.
Kujisasisha: hajawahi kuhitaji.
Kuunganishwa na laptopu: hapana, na asilazimishwe.
Huduma kwa mteja: hujibu hata kabla ya kuulizwa.

Na kwa kuwa wewe mwenyewe umeonya kwamba injini moja isiwekewe kompyuta mbili, maana zitapingana na injini itaumia, basi siku utakayonichapisha kwenye jedwali, hiyo nyingine itabidi ing'olewe siku hiyo hiyo. Sisemi mimi, inasema makala yako. Na kama kamati ya mbio itauliza ni kwa kibali gani mtu amekuwa kompyuta, waulizwe wao ni kwa kibali gani kompyuta imekuwa fundi. Nikishakubalika, nitadai niingizwe kwenye bima ya gari pamoja na taa na vioo, niwe na kibandiko changu mlangoni, na nisiachwe juani boneti ikiwa wazi. Mkwe hagombezwi, lakini kisanduku chake sijasikia mila inayokilinda.

9. Hili la mwisho sikulipanga. Limekuja lenyewe.

Binti yangu alipokuwa mdogo, hajafika hata kwenye boneti, alikuwa anasimama juu ya debe ili aone ninachofanya. Alipokua, ikawa kila asubuhi ya mashindano anakuja kugonga kioo cha dirisha hili nililokaa karibu nalo sasa, anasema, "Baba, njoo usikilize." Nami nilikuwa natoka polepole. Ningeweza kwenda haraka, lakini mtu muhimu hakimbii. Naweka bisibisi, nafumba macho, wote wananyamaza mpaka kuku. Nasema, "Robo, kushoto." Anazungusha robo kushoto. Ananitazama. Nasema, "Nenda." Ndipo huvaa kofia yake ya mbio.

Tangu makala yako ije hapa nyumbani, hajagonga. Tangu juzi wanawasha, wanazima, wanabonyeza vitufe, na mimi niko hapa hapa, hatua chache tu, dirisha wazi. Hawajanikataza kwenda. Wangenikataza ningekwenda kwa ubishi. Hawajaniita, na mtu ambaye hajaitwa anaendaje?

Nakubali, gari huenda likapanda kilima upesi zaidi. Binti yangu akishinda nitapiga makofi, mikono ninayo. Lakini wewe unayejua kuchagua, umeandika ukurasa mzima kuhusu nini kiingie kwenye gari. Kile kinachotolewa, umeandika kiwekwe wapi? Kabureta zimepata rafu. Mimi je?

Naomba uchapishe barua hii kabla hawajanunua. Ikiwezekana iwe ukurasa wa mbele. Picha nitaleta, ile ya ujanani, kwa kuwa sikio ni lile lile. Usiikate, na usiipeleke kwenye ukurasa wa vichekesho kama mlivyofanya barua yangu kuhusu matuta ya barabarani.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Msalimie anayepanga herufi, umwambie azikaze kidogo, zinalegea. Msalimie anayefagia, maana najua yeye ndiye anayesoma magazeti yote mpaka mwisho. Msalimie hata yule anayetuletea gazeti kila asubuhi na kulitupia kwenye dimbwi, ingawa kwenye njia kavu kuna nafasi tele. Mke wangu anakusalimu na anasema pole.

Ni mimi, ninayesikia hata unachokiwaza,

Fundi Sikio
(kwa mkono wangu mwenyewe)

Nyongeza: Usichapishe barua hii.

Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mara mkwe wangu akasimama mlangoni, viatu kavua, kainama kama kawaida. Akasema, "Baba, samahani kukusumbua, tumekwama." Nikamjibu kwamba nina shughuli za kiofisi. Nyuma yake binti yangu akasema, "Baba, acha maringo, twende." Nikaenda. Polepole, lakini si polepole sana.

Mambo yenyewe ni hivi. Kile kisanduku kina kihisi cha kusikiliza kama injini inagonga, ule ugonjwa unaopasua pistoni. Sasa kila wakikanyaga mafuta, kihisi kinapiga kelele kwamba inagonga, kompyuta inaogopa, inanyima nguvu, gari linakohoa na kukata tamaa pale pale uani. Mkwe wangu amebadili mapimo mpaka vidole vimemuuma. Binti yangu akasema, "Mzee wangu, hebu tuambie. Inagonga kweli, au hiki kidude kinaota?"

Nikaweka bisibisi. Nikafumba macho. Ndugu Mhariri, haigongi hata chembe. Kinachosikika ni valvu zangu. Kitabu kinasema valvu ziachiwe nafasi nyembamba kama karatasi, lakini mimi huziachia zaidi, ili zipumue, na pia kwa sababu ule mlio wake wa tk-tk-tk naupenda, unanipa usingizi. Kisanduku kina masikio makali mno. Kimezisikia valvu zangu zikipiga soga, kikadhani injini inakata roho. Kwa kifupi, kisanduku ni kizima, makala yako ni sahihi kuanzia juu hadi chini, na dawa yake ni kuzikaza valvu kama kitabu kinavyosema. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Baada ya hapo hawatahitaji sikio la mtu yeyote.

Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayetoka chumba cha wagonjwa. Nikawaambia, "Hii si ya kuacha peke yake. Inataka mtu wa kukaa nayo."

Kwa hiyo nina kazi. Nakaa kiti cha abiria, nimevaa hedifoni kubwa zinazofunika mpaka mashavu, waya wake umefungwa kwenye injini. Mkwe wangu anapandisha mapimo kidogo kidogo, ananitazama, nami nasema "safi" au "simama". Ninachosema anakiandika kwenye laptopu, herufi kwa herufi, na ananiita Kihisi Kikuu. Keshokutwa nitakwenda naye barabara ya kilimani, binti akiwa kwenye usukani. Nitafumba macho, na safari hii nitakuwa na sababu.

Basi futa yote niliyoyaandika hapo juu. Kompyuta ya injini ni jambo jema sana, na mimi nimekuwa nikisema hivyo siku zote. Anayetaka kuchagua achague yoyote, mradi iwe na tundu la hedifoni, na hilo kwenye makala yako ulilisahau. Waandikie pia maneno makali wale wazee wakaidi wanaong'ang'ania kabureta, wanaturudisha nyuma.

Valvu nitazikaza msimu wa mbio ukiisha. Kama hautaisha, sitazikaza.

Ukitaka shahidi, yupo mke wangu. Wakati nazisikiliza alikuwa anaanika nguo, na mlio wa valvu zile anaujua kuliko sauti yangu. Alinitazama, akawatazama watoto walivyonizunguka, akabana kibanio cha nguo kwenye midomo yake mwenyewe, akaendelea kuanika.